Kofia Tupu za Askari wa Malkia

Mke wangu hakuwahi kuzipenda zile kofia. Tulipokuwa tukiishi chumba kimoja mtaa wa Hillbrow alizivumilia, maana zilikuwa mbili tu. Zilipofika tano akasema chumba hakitutoshi sisi pamoja na jeshi la Waingereza. Nikazihamishia kwenye karakana yetu ya kushona, mtaa wa Doornfontein, ghorofa ya pili, nikazitengenezea rafu juu ya cherehani yangu.

Zilikuwa kofia za kijeshi za karne ya kumi na tisa, za askari wa malkia wa Uingereza. Ya kwanza niliiona sokoni Jumapili moja, kwenye meza ya vitu vikuukuu, katikati ya saa mbovu na vijiko vyeusi. Ilikuwa helmeti ya gamba la mti, nyepesi kuliko inavyoonekana, imevikwa kitambaa cha vipande vipande kilichoshonwa kwa mkono. Mimi ni fundi wa nguo kutoka Bukavu. Kilichonivuta kwanza ni mshono. Habari za vita zilifuata. Mzee wa Kizungu aliyekuwa akiuza ndiye aliyenieleza kwa nini ile helmeti ilikuwa na rangi ya kahawia badala ya nyeupe. Nyeupe ilionekana kwa mbali, kwa hiyo askari walizipaka chai kabla ya kwenda kupigana na Wazulu.

Nilimpelekea mke wangu hadithi hiyo nikidhani itamfurahisha. Akaniuliza kama nimesahau kwamba babu yangu alibebeshwa mizigo na watu waliovaa kofia za namna hiyohiyo. Sikuwa nimesahau.

Siku ninayoikumbuka, habari zilianza asubuhi kwenye simu: kuna kundi linapita jengo kwa jengo likitafuta wageni. Chini barabarani mageti ya maduka yalikuwa yakiteremshwa moja baada ya jingine. Mke wangu alitaka tufunge tuondoke, ila kufikia hapo kundi lilikuwa limeshafika kwenye robot, taa za barabarani za kona yetu, na kutoka nje kungekuwa kujipeleka. Tukafunga mlango kwa ndani, tukazima mashine, tukakaa. Mke wangu alikuwa bado ameshika mkononi pindo la gauni la bibi harusi.

Tulisikia viatu kwenye ngazi, kisha mlango ukagongwa kwa fimbo. Nilifungua, kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa mwembamba na usingestahimili pigo la pili.

Waliingia wanaume watatu. Aliyetangulia alikuwa wa rika langu, amevaa koti la ngozi, ana sauti ya chini. Aliuliza karatasi zetu za ukaazi kwa Kizulu, nikampa. Hakuzisoma. Macho yake yalikuwa kwenye rafu.

"Umezitoa wapi hizi?"

Nilimwambia nimezinunua, moja moja, kwa miaka.

"Unajua nani alizivaa?"

"Najua, baba. Askari waliokuja kupigana na watu wako."

Akaichukua ile ya chai, akaigeuza, akatazama ukanda wa ngozi wa ndani, uliokuwa umekakamaa kwa jasho la mtu. Mmoja wa wenzake aliinua fimbo kuelekea rafu. Yeye akamzuia kwa kiganja, bila kugeuka.

"Na wewe unazipangusa vumbi," aliniambia.

Nilitafuta neno la kumpendeza, sikuliona, nikasema lililokuwepo.

"Mwanzoni nilipenda mshono tu. Siku hizi napenda kuziona hazina vichwa ndani."

Hakucheka, hakukasirika. Alimgeukia mke wangu, akamuuliza na yeye kama anazipenda.

"Hapana," mke wangu alisema. "Nimemwambia azitupe tangu zamani."

Wale wawili wa nyuma wakaangua kicheko. Mwenye koti akanirudishia karatasi. "Msikilize mkeo," alisema, akaondoka na ile helmeti kwapani.

Nilidhani imekwisha. Nikaketi juu ya marobota ya vitambaa. Ndipo tukasikia vioo vikivunjika mwisho wa korido, kwenye saluni ya dada mmoja wa Kirundi, halafu sauti yake ikiita. Mke wangu alilitupa gauni mezani akafungua mlango kabla sijainuka. Nilimkimbilia.

Wanaume wale walikuwa wameshateremka. Dada yule alikuwa amechuchumaa katikati ya vipande vya kioo, damu ikimtoka kiganjani, na mteja wake amejificha bafuni nusu ya kichwa ikiwa imesukwa. Mke wangu alimfunga mkono kwa kitambaa cha bitana. Mimi nilifagia.

Wiki hiyo mwenye jengo alikataa kumtengenezea saluni, naye dada yule akahamia kwenye karakana yetu na kiti kimoja na kioo kilichobaki. Tulihitaji ukuta wa kutundikia kioo hicho, nikaishusha rafu mwenyewe. Zile kofia nne zilizobaki zimo kwenye maboksi chini ya kitanda chetu. Ile ya chai sijaiona tena, ingawa kila Jumapili nikipita sokoni naitafuta kwa macho kwenye meza ya yule mzee, na sijui kama ningeikuta ningeinunua.