Tope la Mto Rea

Kinyaa kilimwingia Mwanamize hata kabla hajashuka mtoni. Mvua ya siku mbili ilikuwa imeujaza mto Rea, na kwenye matawi ya kingo zake vilining'inia vitambaa vya chooni vilivyoletwa na maji. Mwanamke huyu wa Unguja, mkaazi wa mtaa wa Balsall Heath huko ughaibuni, alikuwa na mwaka wa sita akichota maji ya mto kwa kampuni ndogo ya upimaji. Juu kidogo palikuwa na uwanja wa ujenzi uliosukumia mtoni kwa pampu maji ya mashimo yake, na kazi ya Mwanamize ilikuwa kupima tope lao.

"Mama Mwanamize, chota pale nyuma ya nguzo ya daraja," alisema Magloire, msimamizi wake, Mkongomani. "Maji imetulia. Bale bajenzi banataka chupa safi, tumalize."

Nyuma ya nguzo maji yalikuwa yamelala, tope limeshazama. Katikati ya mto yalijipinduapindua, yakichimbua mchanga chini na kuurusha juu, ukishuka yanaurusha tena. Mwongozo wa kazi ulisema wachote pale katikati. Lakini kwa miezi mitatu Mwanamize alichota nyuma ya nguzo, akatia saini. Hilo lilimtia kinyaa kuliko vile vitambaa.

"Mimi uongo huu siuchoti tena, mwanangu."

Akajifunga kamba, akaingia na suruali yake ya mpira hadi mapajani, akashusha chupa mpaka karibu na sakafu ya mto. Ikatoka nyeusi, inanuka yai viza.

"Mwaga iyo!" Magloire alifoka. "Unataka tupoteze mukataba?"

"Imwage wewe, kwa mkono wako, nami nikuone."

Magloire hakuigusa. Mwanamize aliipeleka maabara mwenyewe, pamoja na barua ya kukiri uongo wa chupa za miezi ile mitatu. Tope lilikutwa mara tisa ya lile lililoandikwa awali. Wakaguzi wa mto wakawaamuru wajenzi wazime pampu mpaka wachimbe bwawa la kulituliza.

Kampuni haikumfukuza. Ilimhamishia ofisi yake ya Longbridge, kubandika lebo kwenye chupa zilizochotwa na wengine. Asante hakuambiwa na mtu. Ikimfikia chupa iliyo safi mno, huiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akasonya.

"Na hii nayo mmeitoa wapi?"