Ngazi za Pak Wignyo

Kila asubuhi, kabla hajavua koti la pikipiki, Pak Wignyo huwasha kompyuta yake na kumpandisha shujaa wa mchezo ngazi za hekalu, kipandio kwa kipandio, midomo ikimchezacheza. Akifika juu huandika namba nyuma ya kalenda. Ndipo huvua koti.

Ngazi hizo alizichora mwenyewe, jiwe moja moja, kwa miezi saba. Shujaa hawezi kuzikimbia wala kuruka hata kipandio kimoja. Mchezo ulipotoka, nusu ya wachezaji walisema hawajaona nchi ya mazimwi nzuri kama ile. Nusu walidai warudishiwe pesa zao. Walichogombania zaidi ni ngazi.

Nawang aliajiriwa kusoma maoni yao. Kazi ilimfaa: alisoma kutwa bila kulazimika kuzungumza na mtu. Ijumaa Mas Damar, mwenye kampuni, alimwita.

"Ngazi zikatwe, vibaki vipandio thelathini," Damar alisema. "Watu wanatutukana. Au wewe huoni?"

"Naona, Mas." Nawang alitazama karatasi yake. "Huyu kaandika, 'Vipandio 341 vya upuuzi mtupu.' Mwenzake kamjibu, 'Huna macho wewe, ni 343. Rudi chekechea.' Wa kwanza karudi kupanda. Sasa anasema 344, na mchezo bado anauchukia."

"Wanahesabu ya nini?"

Damar alikuwa mgeni, mtu wa Medan, kisiwa kingine cha Indonesia. Hapa Yogyakarta kila mtoto aliyewahi kupelekwa kwenye makaburi ya wafalme kule Imogiri amehesabu ngazi zake: ukipata idadi ileile kupanda na kushuka, ombi lako hukubaliwa. Wachezaji wa hapa ndio walioanza kuhesabu hizi za mchezo. Wa kwingine waliiga, bila kujua wanaomba nini. Nawang mwenyewe alikuwa amezipanda za mchezo mara kumi na mbili, na alikuwa na ombi.

"Anayeuchukia kuliko wote kapanda mara kumi na tisa," alisema, akashangaa kujisikia akiendelea. "Wakikatiwa, watarudi kufanya nini?"

Damar alikuna kidevu. "Haya, zibaki mpaka ugomvi wao uishe. Muulize mzee idadi kamili, tuitangaze leo. Wakishaijua, Jumatatu nakata."

Nawang alimkuta Pak Wignyo akila wali, kalenda ikiwa imegeuzwa mezani. 342. 345. 341. 344. Alisimama pale mpaka mzee akainua macho. Hakumwambia kwamba namba moja tu kutoka kinywani mwake ingetosha kuzibomoa ngazi zake.

"Samahani, Pak. Mas Damar anauliza. Vipandio ni vingapi hasa?"

Pak Wignyo alitafuna, akameza, akafuta vidole.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nahesabu."