Sikio la Pancras na Mzinga wa Nyuma ya Mihogo

Pale Runazi, siri za nyumba ya mzee Pancras zilijulikana mpaka kisimani, na kosa halikuwa la wambea. Mzee alikuwa haambiwi kitu mpaka mkewe, Deodata, apaze sauti ya mnadani. Mambo madogo Deodata aliyanong'ona tu nyuma ya mgongo wa mumewe, maana hayakustahili kupasulia koo.

Uziwi wenyewe, uliomwanza miaka sita nyuma na kuzidi polepole, Pancras angeuvumilia. Tatizo lilikuwa nyuki. Kwa miaka arobaini aligonga mzinga kwa kidole, akabandika sikio la kulia, na mvumo wa ndani ukamwambia kama asali imeiva. Mwaka jana alibandika, hakusikia kitu, akakisia. Akakata masega yaliyojaa majana matupu, watoto wa nyuki bila tone la asali. Aliona aibu wiki nzima. Akatangaza kwamba sikio likishindikana, mizinga yote aichukue mkwewe, Shilinde, na kulisema hilo kulimuuma sana.

Hospitalini walimkuta ngoma ya sikio ina tundu. Wakampasua, wakaitia kiraka cha ngozi laini waliyoitoa pale pale juu ya sikio. Pancras, aliyeziba nyufa za mizinga maisha yake yote, aliielewa kazi ile haraka kuliko vijana wa wodini. Wiki kadhaa alikaa na pamba sikioni, hata kupenga kamasi hakuruhusiwa. Siku ya kuitoa, daktari alimwonya kwa sauti ya juu kwamba usikivu hurudi polepole.

Bodaboda ilimjaza kelele njia nzima. Aliposhuka, aliupita mlango wake bila kuingia, mpaka kwenye mzinga wa nyuma ya mihogo. Akagonga. Akabandika sikio.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya kile kile. Akaiona mizinga yake ikiwa tayari kwa Shilinde.

Deodata alikuwa amemfuata na kikombe cha uji. Akanong'ona peke yake, kama alivyozoea: "Mzee wa watu, nitamwambiaje kwamba nyuki walihama Jumapili?"

Pancras akageuka taratibu.

"Walielekea wapi, Mama Irine?"

Kikombe kikamponyoka Deodata. Pancras akacheka mpaka akashika mti. Sijapata kuona mtu akifurahia mzinga mtupu namna ile. Deodata akamsogelea, akamjibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita majirani hawakusikia alichosema.