Mchele Uliolowekwa Kama Ndiga

Vita vya Maji Maji vilipotulia, kwetu Mkongo hapakuwa na ghala lililosimama. Askari wa Wajerumani walikuwa wameyachoma yote na mpunga ndani. Tukawa tunakula ndiga, kile kiazi chungu cha porini. Ndiga ina sumu, lakini dawa yake kila mtu anaijua: unaikata vipande, unaitia kapuni, unailaza mtoni siku tatu, sumu inakwenda na maji.

Kwa hiyo Mhindi mwenye duka alipomwaga nyuma ya stoo mchele aliouchanganya na dawa ya panya, mume wangu akauzoa. Niseme haki: yule Mhindi alimkataza.

"Acha, bwana! Hiyo sumu!"

Mume wangu akacheka. "Sumu tunazijua sisi. Wewe ulishakula ndiga?"

Akauloweka mtoni vilevile. Ulipoiva ulinukia wali wa sikukuu. Mimi tonge la pili tumbo lilikataa. Yeye alikwangua chungu.

Alitapika mpaka nikakata tamaa, kisha akapona, au nilidhani amepona. Nyayo zikaanza kumwunguza kama aliyekanyaga kaa la moto. Mikono ikawa inatetemeka. Akawa anaanza neno halafu analipoteza. Asubuhi moja akaniuliza, "Bibie, mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mumeo."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wake. Yeye hakucheka.

Tangu hapo akalala barazani, maana si adabu kulala chumba kimoja na mke wa mtu. Majirani walisema ni yale maji ya vita ndiyo yaliyomvuruga ubongo. Sikatai, aliyanywa. Ila wenzake waliokunywa naye wanalima na kutaniana kama zamani. Labda nakosea; mimi nilisoma chuoni juzuu chache tu.

Siku moja kaka yangu akaja kutoka Ruaruke. "Dada, funga mzigo. Mwalimu wa msikitini atakuvunjia ndoa hii. Mume gani, umeolewa na baraza?"

Nikafunga. Nilichoka kukaa na mtu nikiwa peke yangu. Kaka akamwambia, "Shemeji, huyu namchukua."

Mume wangu akasimama kwa shida, akishika nguzo. "Mchukue, bwana. Mwambie mumewe kwamba huyu bibie amekaa hapa kwa heshima, sikumgusa. Asije akamdhania vibaya." Akaona machozi yangu. "Unalia nini, bibie? Au mumeo ni mtu mbaya?"

"Si mbaya," nikasema. "Ni mwema."

"Basi rudi kwake."

Nikaufungua mzigo. Kaka akaondoka akinitukana mpaka alipoishia kwenye mihogo, na simlaumu, alikuwa ametembea mbali. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Nilipika, nikampelekea sahani barazani. Akanishukuru sana, kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji, akanigeuzia mgongo ili nisione aibu kukaa karibu yake.