Namba 211 ni ya Mbuzi

Bon, chekeni kwanza mumalize, ndipo nieleze, kwa sababu hapa Kisangani watu wananiuliza habari ya mbuzi kabla hata ya salamu, na kibaya zaidi ni kwamba hawanisingizii: ni mimi, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bic ya bluu.

Siku ile nilipaswa kuwa shuleni. Asubuhi nilimwambia directeur wa discipline, mkuu wa nidhamu pale shuleni, kwamba tumbo linaniua (uongo), kumbe koko, mama ya papa yangu, alikuwa anakwenda kwa notaire, mthibitishaji wa hati, kumpa shangazi yangu, tante Zawadi, parcelle yake, kile kiwanja cha kule Wagenia, na alikuwa ameahidi lituma na samaki kwa kila atakayemsindikiza, na mimi na ndizi za kutwanga hatujawahi kugombana.

Parcelle ile haikuwa mchezo. Tante ndiye anayemwogesha koko tangu miguu yake ilipokataa kazi, lakini kuna tonton mmoja wa ukoo wetu alishaanza kuipima kwa hatua, eti koko akifumba macho tu, yeye anajenga butike. Na kesho yake notaire alikuwa anasafiri kwenda Ubundu, wiki tatu. Donc, ilikuwa ni leo au ni tonton.

Notaire ni papa mwembamba mwenye kandevu kadogo keupe kwenye ncha ya kidevu (kumbukeni hako kandevu). Akafungua registre yake, daftari nene kama Biblia ya parokia, akaanza mahubiri: kurasa zote zina namba na muhuri wa tribunal, yaani mahakama, hakuna kung'oa, hakuna kufuta, hakuna kuacha nafasi tupu, mutu mubaya asije akaijaza. Tante akavuka barabara kutafuta photocopy za karte za utambulisho. Notaire akaandika 211, namba ya hati ya koko, juu ya ukurasa, na papo hapo umeme ukakatika, akatoka kwenda uani kuwasha groupe, jenereta yake. Koko akasinzia. Nikabaki mimi, bic, na nafasi tupu.

Mutu mubaya alikuwa amefika.

Nilitaka kuandika neno moja tu, Mungu anaona. Lakini neno halipendi kukaa peke yake, likaita ndugu zake, na nilipoinua mkono ukurasa ulisema hivi: "Mbele yetu amefika Bwana Mbuzi, mwenye akili timamu, ambaye ametangaza kwa hiari yake kwamba ndevu zilizo kwenye kidevu cha notaire ni mali yake, na anaomba arudishiwe kabla ya Noeli."

Nilikuwa bado najipongeza groupe iliponguruma na viatu vikaanza kurudi. Nikachomoa korekteri kwenye mfuko wa shule, ile dawa nyeupe ya kufutia wino, nikaifinya, ikatapika yote, nikapuliza, nikafunga registre, nikakaa kama katekista. Notaire akafungua. Kurasa zilikuwa zimegandana, zikaachana kwa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

"Ni nani?"

(Koko amelala, tante yuko nje. Hata mbuzi angejua.)

"Ni miye, papa notaire. Nilikuwa najaribu bic."

"Kujaribu bic ni ujinga. Lakini kumwanga rangi mu registre, ile ni kuficha! Kesho batu batasema nilifuta mali ya mutu. Chini ya hii rangi kulikuwa nini?"

"Hakuna kitu, papa."

"Basi nafunga, napeleka tribunal. Koko atarudia siku nitatoka Ubundu."

Tante alikuwa mlangoni na photocopy zake mkononi. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, macho yamejaa maji. "Trésor, tafazali." Afadhali angenipiga.

"Nitasema," nikasema.

"Ngoja. Inaomba bashahidi wawili wakubwa. Weye haujafika myaka kumi na munane, maneno yako nitaandika, lakini sahihi yako haina kazi." Akafungua mlango, akaita watu wawili waliokuwa wanangoja kwenye koridoo. Wa kwanza, mama muuza pondu, yale majani ya muhogo. Wa pili, na diplome yake ndani ya plastiki, directeur wa discipline.

"Trésor. Na tumbo?"

"Imepunguka, Monsieur."

Nikatoa imla yangu nimesimama, notaire akiandika kwenye nafasi iliyobaki ya 211 na kurudia neno baada ya neno. "Bwana... Mbuzi... Mbuzi na herufi kubwa?" "Kubwa, papa." Tulipofika kwenye ndevu, bic yake ilisimama. Akagusa kidevu. Mama wa pondu alikuwa anatafuna kitenge chake ili asilie kwa kicheko, directeur anahesabu mbao za dari.

Ndipo koko, niliyedhani amelala, akasema bila kufungua macho: "Rudilia pale pa ndevu."

"Koko!" tante akashtuka.

"Ahaa! Bwana Mbuzi alitangulia mu mustari. Papa notaire, jibu yeye kwanza, miye nitangoja."

Mabega ya notaire yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka miwani ikamwanguka, na koridoo nzima ikamsaidia. Kisha akajifuta macho, akafanya kazi yake: akahesabu maneno, makumi mbili na kenda, akayapigia mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, akaandika sababu pembeni, wote wakasaini, koko akaweka kidole gumba. Mimi tu sikusaini.

"211 imekufa, lakini siwezi kumpa mwengine," akaniambia. "Parcelle ya koko ni 212. Na registre haitupwe. Miye nitakufa, weye utakufa, mbuzi wako atabaki."

Tante akapata karatasi yake, na tonton akapeleka hatua zake kwingine. Mimi lituma nililambishwa harufu tu, halafu nikafagia uwanja wa shule wiki nzima kwa ajili ya lile tumbo. Tangu hapo, nikiingia ofisi yoyote, mikono yangu inakaa mfukoni, na bic namwachia mwenye nyumba.

Lakini koko hajamaliza. Alinunua mbuzi, akamfunga kwenye parcelle, na majani nakata mimi kila asubuhi kabla ya shule. Ni mbuzi mpole, mwembamba, na kwenye kidevu ana... hapana. Hapo naacha nafasi tupu.