Kitenge cha yule mwongo

Jumamosi nilikwenda kumsikiliza mgombea udiwani hapa Evere, Ubelgiji, mzaliwa wa Goma aliyekulia huku. Nilimkuta mwenyewe akipanga viti na kumimina kahawa. Hakukuwa na ngoma wala vigelegele. Kando yangu aliketi mama mmoja wa kwetu Bukavu, amejifunga kitenge chenye sura ya mheshimiwa mmoja wa huko.

Mgombea akatugawia kalamu. Mama akaigeuzageuza yake, akainua mkono.

“Bon, mutoto yangu, na pagne iko wapi? Kwetu candidat anatupatiaka pagne ya sura yake, tunaimba, tunacheza mpaka vumbi inapanda. Wewe unatupatia bic!”

Mgombea akacheka. “Na huyo wa kwenye pagne, maman, aliwafanyia nini?”

“Huyu? Alisema atatutengenezea barabara. Hatujaiona mpaka leo.” Akaipapasa ile sura pajani, taratibu. “Lakini pagne yake haijatoka rangi.”

Kura yangu nitampa huyu wa kahawa, maana alijibu kila swali. Ila tulipokuwa tukingoja basi, mama alianza kuimba polepole ule wimbo wa kampeni wa yule mwongo, nami, pamoja na ujuaji wangu wote, nikajikuta naitikia bila kukosea hata neno.