Mama Pindo na Safari ya Sayari za Mwanga

Ukimpelekea Mama Pindo kitambaa cha suruali, usimwambie habari za kubana. Atakupima kiuno, ataandika namba kwenye daftari lake lenye jalada la bluu, halafu siku ya kukata ataongeza vidole viwili kila upande bila kukuuliza, maana anaamini binadamu wote hunenepa, tena hunenepa wiki ileile waliyochukua nguo. Pindo analoliacha chini ya sketi ya shule linaweza kumvusha mtoto madarasa matatu. Ndiyo asili ya jina lake, na ukimwita kwa jina jingine huenda asigeuke.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane, mwenye miwani ya kutungia uzi na miwani nyingine ya kuangalia watu, ndiye aliyekuwa mpima njia wa kundi la watu saba wanaosafiri angani kwenye mchezo wa kompyuta. Cheka tu, wengi wamecheka. Kompyuta yenyewe aliletewa na mpwa wake, ikiwa imechoka tayari, ili achoree mitindo ya tarizi. Mchezo ulikuwa humo ndani. Siku ya kwanza aliufungua kwa bahati mbaya, akagonga mwezi, akanuna. Siku ya pili akarudi kulipiza kisasi. Siku ya tatu akagundua kwamba zile nyota zote, maelfu kwa maelfu, zinafikika, na kwamba nyingi hazijawahi kufikiwa na mchezaji yeyote. Hapo ndipo alipokwisha. Herufi za kibodi zilikuwa zinamchanganya, basi akabandika vipande vya kitambaa: chekundu kwenye breki, kijani kwenye mafuta, vya njano kwenye kukata kushoto na kulia. Hedifoni zilimbana masikio, kwa hiyo sauti za wenzake zilitoka kwenye spika na kujaa chumba kizima cha kushonea.

Na chumbani humo alikuwamo mtu mwingine.

Mumewe aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na mmoja. Kisha, miaka mitatu iliyopita, kiharusi kikampiga na kumwachia mguu wa kushoto uliolegea. "Kimechagua mguu wa klachi," alisema hospitalini, na baada ya hapo hakusema neno la maana kwa wiki mbili. Sasa alitembea na fimbo kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake, na kiti hicho alikielekeza ukutani, kwa sababu dirishani malori yalikuwa yanapita. Mtu akimwita Dereva, kama walivyozoea, alimkata kauli: "Dereva ni yule anayeendesha." Basi wakawa wanamwita Mzee, jina lisilomkaa hata kidogo.

Mama Pindo alitamani sana kuona sayari mpya, hilo halina ubishi. Lakini kama ungemwambia achague kitu kimoja tu, angechagua mumewe akigeuze kile kiti.

"Mzee wangu, njoo uone," alimwambia karibu kila siku. "Huku kuna majua mawili."

"Moja linanitosha," alijibu Mzee, akiutazama ukuta.

Sasa hizo sayari za mwanga. Katika mchezo ule ziko chache mno, mbali kuliko mahali popote ambapo kundi lao lilikuwa limewahi kufika, na siku nyingi huonekana mawe matupu. Ila mara moja katika miezi mitano nyota yao hufunikwa, na kwa muda wa saa moja sayari hizo huwaka zenyewe. Kiongozi wa kundi, Kinyozi, ambaye huongea huku mashine yake ya kunyolea ikinguruma, ndiye aliyetangaza: Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri. Miruko sita ya angani, vyombo saba, bega kwa bega. Kupima mafuta ya miruko yote, kazi hiyo akapewa Mama Pindo, na alivimba kichwa kwa siku nne.

Alipima kwa wiki mbili, katikati ya sare za shule na gauni la bibi harusi aliyekuwa anabadilisha mawazo kila asubuhi. Alipomaliza aliupiga picha ukurasa wa daftari, akamtumia Kinyozi, na Kinyozi akawaambia wote wajaze matangi kwa namba zilezile, bila tone la ziada, kwa sababu mzigo hupunguza mwendo.

Jumamosi, saa nane na nusu, Mama Pindo alifunga mlango wa mbele. Mteja mmoja akabisha, akachungulia dirishani.

"Mama Pindo! Blauzi yangu?"

"Nimesafiri!"

"Si nakuona hapo?"

"Utaniona nikirudi!"

Wakaondoka. Mruko wa kwanza, wa pili, wa tatu, vyombo vinatokea pamoja kama vifungo kwenye shati. Mwenzao Mwalimu, aliyekuwa nyuma, alipiga vigelegele vya ajabu kwa mwanamume mwenye sauti nzito vile. Kwenye mruko wa nne waliona kimondo kikipita karibu kiasi kwamba Mama Pindo aliinamisha kichwa chini ya meza. Roho yake ilikuwa juu, mikono inamwasha, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa kushona, ingawa asingekubali kulisema hilo mbele ya cherehani yake.

Baada ya mruko wa tano, Muuguzi, ambaye haraka yake ilijulikana na kundi zima, akasema, "Jamani, tangi langu linalia."

"Langu pia," akasema Mwalimu.

Yote yalikuwa yanalia. Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea, na hilo peke yake lilitisha. "Mama Pindo," akasema polepole, "lile pindo lako liko wapi?"

Akalifungua daftari la bluu. Akatazama namba zake, nzuri, zimenyooka, akaelewa. Kwenye daftari fundi huandika mwili. Pindo halimo. Pindo huongezwa na chaki, siku ya kukata, kwa mkono wenyewe, na kwa miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kukata kitambaa kwa kusoma daftari lake. Kinyozi na wenzake, na yeye mwenyewe kwa amri hiyohiyo, walikuwa wamejaza mafuta ya mwili mtupu, ya miruko tu, bila ya kutua.

"Nimewavalisha nguo isiyo na nafasi," akasema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Mafuta yaliyobaki yangewafikisha kwenye sayari, lakini yasingetosha kutua. Kule chini mafuta yapo, yanachimbwa; kufika chini salama ndiyo ilikuwa kazi. Wakiparamia, kila mmoja angepoteza chombo alichokijenga kwa miaka miwili. Wakingoja msaada, ungewafikia Jumatatu, na mwanga ungekuwa umezimika.

"Tungojee," akasema Kinyozi, kwa sauti ya mtu aliyekufa moyo. "Hakuna jinsi."

"Hiyo sayari inavuta?"

Mama Pindo alidhani ni Mwalimu. Lakini sauti ile haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yake.

"Inavuta sana," akajibu, bila kuthubutu kugeuka.

"Basi huo ni mteremko. Waambie wakishafika wazime injini. Mafuta ya kwendea wanayapoteza bure, uzito utawapeleka. Yaliyobaki ni ya breki tu."

Kwenye spika Muuguzi akauliza, "Nani huyo?"

"Mzee wangu," akasema Mama Pindo, "mimi mteremko sijui. Njoo ushike wewe."

Kiti kikalia. Fimbo ikagonga sakafu mara moja, mara mbili, ikanyamaza, na Mama Pindo akadhani amebadilisha mawazo. Ikagonga tena. Akasimama haraka kumpisha, akaangusha kopo la pini, akaliacha lilipoanguka. Mumewe akakaa. Akaitazama kibodi na vitambaa vyake.

"Chekundu breki?"

"Breki."

"Kijani mafuta?"

"Mafuta."

Akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole. "Kumbe siku zote ulikuwa unanishonea gari," akasema.

"Jamani, saa inakwenda," akalalamika Kinyozi. "Tujue basi, nani anaongoza?"

Mzee akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akakohoa.

"Dereva," akasema.

Mama Pindo akaushika utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaukunjakunja mkononi mpaka ukamuuma.

Wakaruka mruko wa sita, na sayari ikajaza kioo chote. Ilikuwa inawaka! Mabonde ya zambarau, mito ya kijani kibichi, misitu ambayo kila jani lake lilitoa nuru yake lenyewe, na mawingu yakimulikwa kutoka chini. Rangi zikamwagika chumbani, zikapaka pasi, zikapaka gauni la bibi harusi lililoning'inia, zikapaka uso wa yule bwana aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta. Muuguzi alikuwa anapiga kelele tu.

"Mtashangaa mkifika," akasema Dereva. "Sikilizeni. Huu ni mlima, hatuushuki wima, tunauzunguka kwa kona. Mmoja nyuma ya mwingine, na muachiane nafasi. Muuguzi, wewe una pupa, kaa mwisho."

"Huyu ananijuaje?"

"Miaka miwili nawasikiliza humu ndani. Injini zimeni. Twende."

Wakaanza kuanguka, vyombo saba vimezima, wanaizunguka ile sayari duru baada ya duru, kila duru chini zaidi. Hewa ikaanza kuvuma kwenye vioo. Mama Pindo alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kumng'ang'ania bega.

"Breki sasa. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kinyozi, umekanyaga mpaka mwisho, nasikia harufu mpaka huku! Achia!"

"Nimeachia!"

"Bonyeza, achia. Mwalimu, safi. Kona inakuja, kata kushoto."

Alikuwa anainamisha mwili kwenye kona, yeye mzima, na ule mguu wa kushoto, Mama Pindo aliona kwa macho yake, ulisogea kidogo chini ya meza kutafuta klachi.

Chombo chao kiligusa chini tangi likiwa limebakiza tone. Vumbi la zambarau likaruka. Kinyozi akatua, akasema maneno ambayo hasemi mbele ya wateja. Mwalimu akatua, na wenzao watatu wasiopenda kuongea wakatua kimya kimya. Muuguzi, wa mwisho, mafuta yalimwishia akiwa juu kidogo, akadondoka kwa kishindo.

"Nimefika! Nimefika! Lakini mguu mmoja wa chombo umepinda!"

"Utazoea," akasema Dereva.

Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kikubwa cha vituo vya malori, ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na wengine wote wakapokea bila kujua wanachokicheka. Mama Pindo alicheka huku analia, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja, na wala hakujali ni cha nani.

Walitembea kwenye mwanga ule mpaka ulipozimika. Watu wakaaga, wa kwenda kula, wa kwenda zamu. Mama Pindo akangoja mumewe ainuke arudi kwenye kona yake. Hakuinuka. Alikuwa anasoma mshale wa mafuta.

"Kurudi tunaondoka lini?" akauliza.

"Jumamosi ijayo, nadhani. Tukishachimba."

"Pima upya njia yote. Na safari hii pindo liandike humohumo kwenye daftari." Akavuta kibodi karibu. "Halafu tafuta pa kukaa. Huwezi kusimama mgongoni kwangu mpaka Jumamosi."

Mama Pindo akaenda ukutani, akakikokota kile kiti mpaka mezani, akakaa yeye.